Baada ya Misheni ya Mwisho

Katika vibanda vya gemu vya Mwanjelwa, Mbeya, kama ilivyo katika vile vya Mlandege, Iringa, anayetawala ni mpira. Ukipita jioni utasikia shangwe za goli kabla hujaiona runinga. Mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake, na mwenye banda anahesabu mechi. Mpira wa kwenye skrini hauna mwisho. Ligi ikiisha inaanza nyingine, toleo la mwaka huu linasukumwa kando na la mwaka ujao, na hata jina la FIFA, lililozoeleka kwa miaka 30, lilipoondolewa mwaka 2023 vijana waliendelea kucheza bila kukosa hata jioni moja. Sijapata kumsikia mtu akisema amemaliza mpira.

Ninaotaka kuwazungumzia ni watu wengine. Ni wachache, na sauti zao huzisikii mbele ya runinga bali baadaye, nje ya banda, wakiwa wameegemea pikipiki au wamekalia kreti za soda. Hao hucheza gemu zenye hadithi, zenye mwanzo na mwisho, na siku wakiufikia mwisho hawawezi kunyamaza. Nimewasikiliza kwa miaka mingi katika miji hii miwili, na ninaamini kwa dhati kwamba wanachokifanya pale nje ni uhakiki, tena uhakiki wa kweli, ingawa hakuna gazeti linaloupokea wala mwalimu anayeusahihisha.

Kumaliza gemu huku kwetu si jambo jepesi. Mechi huchukua dakika chache na walipaji ni wawili, lakini mtu anayecheza hadithi hukaa na pedi peke yake saa nzima huku wengine wakisubiri. Mwenye banda hana ubaya, ana kodi ya chumba na bili ya umeme. Kwa hiyo hadithi hupewa saa ambazo hazina wateja: asubuhi za siku za kazi, au alasiri za Februari mvua inapopiga bati hadi sauti ya runinga isisikike. Gemu inayotaka saa arobaini mtu huweza kuifuata miezi, akirudi kila apatapo hela kidogo.

Wakati wa PlayStation 2, mashine iliyotoka Japani mwaka 2000 na ambayo katika baadhi ya mitaa yetu bado inafanya kazi, kulikuwa na memori kadi ya kuhifadhia hatua uliyofikia. Ilikuwa na megabaiti 8 tu. Banda ni la mwenye banda, runinga ni yake, pedi ni zake, ila kadi ungeweza kununua ya kwako, ukaitia mfuko wa shati na kuondoka nayo. Asiyekuwa nayo alikuwa mikononi mwa umeme. Maji ya Ruaha Mkuu yanayoanzia upande huu wetu, yakapita Usangu na kwenda kuzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, hayakutuepusha na mgao, na umeme ulipokatika kabla mtu hajasevu, safari yake yote ya siku hiyo ilipotea. Watu walianza upya. Niliwaona wakianza upya bila kulalamika, na hapo nikaanza kujiuliza ni kitu gani walichokuwa wanakifuata.

Walikuwa wanafuata hadithi, na hadithi zenyewe zilikuwa kwa Kiingereza ambacho wengi wao hawakukifahamu vizuri. Hilo halikuwazuia. Nchi yetu ina mazoea ya muda mrefu ya kupokea hadithi za mbali kwa mdomo wa mtu wa karibu. Katika vibanda vya video, Lufufu alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akawapa wahusika tabia na maneno ambayo mtunzi wa filamu hakuyafikiria. Kwenye banda la gemu msimuliaji ni yule aliyetangulia kumaliza. Anasimama nyuma ya kiti, anamweleza anayecheza kwamba huyu usimwamini, yule ni mdogo wake, hapa tulia usikilize. Mtu wa namna hiyo ninamheshimu sana. Anabeba gemu nzima kichwani na kuigawa bure.

Mmoja wao ni fundi simu wa Kabwe. Gemu yake ni Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka Oktoba 2004 na kuingia kwenye simu mwaka 2013. Wengi waliijua kwanza kwa chiti, ile mistari ya herufi na alama iliyonakiliwa kurasa za nyuma za madaftari ya shule: ya kuongeza pesa, ya kuita kifaru, ya kuwafuta polisi. Mwenye chiti huzunguka mjini akivunja vitu mpaka achoke. Aliyefuata misheni moja baada ya nyingine ndiye anayejua kwamba gemu ile inaanza na msiba. Carl Johnson, mhusika mkuu, anarudi Los Santos mwaka 1992, baada ya miaka mitano ya kukaa mbali, kwa sababu mama yake ameuawa. Makaburini kaka yake Sweet anampokea kwa lawama za kuikimbia familia.

Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa jambo hilo. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hushusha stendi watoto waliokuja kuzika, na ndugu zao waliobaki nyumbani, waliomuuguza mama, huwa na neno la kuwaambia. Fundi wangu anasema sehemu hiyo ya mwanzo ndiyo iliyomshika, wala si bunduki. Kisha anakwenda moja kwa moja kwenye misheni ya treni, ambayo karibu kila aliyecheza amewahi kukwama. Unaendesha pikipiki kando ya reli, Big Smoke, rafiki wa Carl, amekaa nyuma yako na bunduki, na kazi yake ni kuwapiga maadui walio juu ya mabehewa. Hawapati. Unajitahidi kulisogelea treni, risasi zinakwenda hewani, treni linaondoka, Smoke anakulaumu wewe. Watu wamekasirika na misheni hiyo kwa zaidi ya miaka 20 sasa wakidhani ni kasoro ya gemu.

"Mimi nilimjua pale pale," fundi anasema. "Mtu yuko nyuma yako, ana bunduki, na hampigi adui wako. Huyo si mwenzako, kaka." Saa nyingi mbele ya misheni hiyo, gemu inafichua kwamba Big Smoke ni msaliti. Kama watengenezaji walikusudia dalili hiyo au hawakukusudia, kwangu si hoja. Msomaji makini ana haki ya kuunganisha tendo la mwanzo na la mwisho, na fundi ameunganisha. Hukumu yake ya mwisho kuhusu gemu nzima, baada ya polisi fisadi Tenpenny kufa mtaani Grove Street na familia kukusanyika tena, ni fupi: "Alikuja kuzika, akabaki." Sijasoma popote maelezo ya gemu hiyo yaliyoizidi sentensi hii.

Siku hizi banda limehamia mfukoni. Programu ya PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012, inaziwezesha simu za kawaida kucheza gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya PSP, na kwa njia hiyo kizazi kizima cha vijana wa bodaboda kimekutana na Kratos, shujaa wa God of War. Wanacheza kijiweni wakisubiri abiria, wanasimamisha, wanapeleka mteja Uyole, wanarudi kuendelea. Kumaliza kumekuwa tendo la upweke. Hakuna wa nyuma ya kiti wa kukuambia tulia usikilize. Ndiyo maana, nadhani, wakikutana na mtu aliye tayari kusikiliza wanafunguka kwa haraka.

Dereva mmoja wa Mafiati, baba wa binti wa miaka minne, alikuwa amemaliza God of War: Chains of Olympus, gemu ya mwaka 2008. Niliijua kama gemu ya kukata vichwa. Yeye alinieleza jambo jingine kabisa. Karibu na mwisho, Kratos anafika mahali pa wafu walio na amani na kumkuta Calliope, binti yake, ambaye yeye mwenyewe alimuua zamani bila kujua. Anakubali kuvuliwa nguvu zake zote ili akae naye. Halafu anafahamishwa kwamba dunia yote inabomolewa wakati yeye amekaa pale, na kwamba itabomoka pamoja na mtoto. Ili kuiokoa lazima azirudie nguvu zake, na akizirudia hatamwona mtoto tena. Anainuka. Mtoto anamkumbatia, analia, hataki kumwachia.

Hapo gemu haikuonyeshi filamu ukae kutazama. Inakuletea alama ya duara kwenye skrini na kukutaka uibonyeze, haraka, tena na tena, na kila unapobonyeza Kratos anamsukuma mtoto wake mbali naye. Usipobonyeza, hadithi haiendelei.

"Pale nilisimama, kaka," aliniambia. "Nikaiweka simu mfukoni. Nikabeba abiria wawili watatu, narudi, bado yule mtoto amemng'ang'ania baba yake. Nikasema, sasa mimi ndiye wa kumsukuma?" Alimsukuma. Jioni hiyo alirudi nyumbani mapema.

Nimelifikiria simulizi hilo sana. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika kwamba baba alimsukuma mtoto, nasi tukamhukumu baba. Tamthiliya inaweza kutuonyesha, nasi tukalia. Lakini hapa kidole kilichofanya kazi ni cha mtu aliyemwacha mtoto wake amelala asubuhi, akaenda kutafuta riziki kwenye baridi ya Juni, wakati kule juu Kitulo majani yameamka na sakitu. Yeye pia, kwa namna yake, hujiondoa mikononi mwa mtoto kila siku, kwa sababu bila hivyo nyumba itabomoka. Hakuniambia hayo. Aliniambia alisimama, na kwamba alirudi mapema. Sanaa iliyomfanya mtu mzima afunge injini na kufikiri mikono yake inafanya nini haiwezi kuitwa mchezo wa watoto, na wazee wangu wanaoiita hivyo ninawaomba, kwa heshima zote, wamsikilize dereva huyu.

Sisemi kwamba kila kinachofanyika vibandani ni chema. Kuna wanaocheza kwa dau, kuna watoto wanaotoroka shule, na mzazi anayemfuata mwanawe bandani kwa hasira ana sababu. Ila hasira hiyo isitufanye tusikie kelele tu.

Mitaani tuna imani moja ya zamani iliyotoka kwenye filamu: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, lakini mwishoni atasimama. Red Dead Redemption 2, iliyotoka Oktoba 2018, inaivunja imani hiyo polepole, na mtu aliyenisaidia kuielewa ni dada mmoja mwanafunzi wa ualimu wa Historia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa. Kwao ni Rungwe. Aliimaliza likizo, kwenye mashine ya kaka yake, usiku baada ya kazi za nyumbani.

Arthur Morgan ni jambazi katika kundi linalokimbizwa na serikali na mawakala wa matajiri, Marekani ya mwaka 1899. Mapema kabisa anatumwa kudai deni kwa mkulima mgonjwa, Thomas Downes. Anampiga mbele ya mkewe na mwanawe. Mkulima anakohoa, damu inamrukia Arthur usoni. Mchezaji anasahau, kwa sababu kuna farasi, milima, mito ya samaki na saa nyingi za kuzurura. Muda mrefu baadaye Arthur mwenyewe anaanza kukohoa, anaanguka barabarani, na daktari anamwambia ana kifua kikuu. "Nilirudi nyuma kichwani," dada yule alisema. "Nikamkumbuka yule mkulima. Mimi ndiye niliyempiga. Sikulazimishwa kuchukia, nilibonyeza tu kwa sababu misheni ilisema nibonyeze."

Kikohozi hicho alikuwa na sababu ya kukisikia kuliko mchezaji mwingine. Wanaume wengi wa Rungwe na wilaya za jirani walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini enzi za ukoloni, wakiandikishwa na Wenela, wakala wa migodi hiyo, mpaka Tanganyika huru ilipoukata mkondo huo. Walirudi na mablanketi, baiskeli na masanduku ya bati, na baadhi yao walirudi na vumbi la miamba mapafuni, vumbi linalofungulia mlango kifua kikuu. Babu yake alikuwa mmoja wa waliokwenda. Familia inamkumbuka kwa kikohozi chake kabla ya kumkumbuka kwa sura. Kwa hiyo Arthur alipokohoa juu ya farasi, pale Rungwe kulikuwa na mtu aliyekifahamu kikohozi hicho kwa kusimuliwa, akafuatana naye hadi mwisho kama anavyofuatana na mgonjwa wa ukoo.

Jambo la pili aliloliona ni mwaka. Mwaka 1899 ni mwaka mmoja tu baada ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kufa Mlambalasi. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na kwa karibu miaka minne akawindwa katika nchi yake mwenyewe, kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, wafuasi wakipungua mmoja mmoja, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na yeyote anaweza kwenda Kalenga akaliona. Mwanafunzi yule ameyasoma hayo, atayafundisha, na chuo chake kina jina hilo. Hakumlinganisha jambazi na mtawala aliyelinda nchi yake; aliliweka wazi hilo kabla sijauliza. Alilosema ni kuhusu muda. Gemu ilimweka saa nyingi ndani ya mtu anayejua kwamba hatafika mbali, na bado kuna asubuhi za kuamka, farasi wa kulisha, mtu wa kumsamehe, na swali la nani atapewa nafasi ya kuokoka. Arthur anazitumia siku zake kumtoa mwenzake wa kundi, John Marston, na familia yake. Ukiwa umeishi vyema ndani ya gemu, anakufa mlimani akilitazama jua likichomoza.

"Pale ndipo nilipoielewa ile miaka minne," alisema. "Tarehe nilikuwa nazijua tangu shule."

Lipo pia suala la lugha, na hili linaniuma. Resident Evil 5 ya mwaka 2009 ni moja ya gemu chache za hadithi ambazo watu wawili huweza kuzimaliza pamoja kwenye runinga moja, kwa hiyo bandani inakubalika. Inatokea mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, Afrika Magharibi, na wanakijiji waliogeuzwa kuwa viumbe wa kuua, wanaoitwa Majini, hupiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili, Afrika Magharibi. Mashujaa wawili, hata Sheva ambaye ni Mwafrika, huzungumza Kiingereza. Wanafunzi wawili wa Iyunga walioimaliza waliniambia kwamba mwanzoni walicheka kusikia lugha yao ndani ya gemu ya Kijapani. Walicheka siku ya kwanza tu. Kabla ya kumaliza, mmoja alimuuliza mwenzake kwa nini wanaosema kama wao ndio pekee wanaopaswa kupigwa risasi.

Swali hilo lingetosha kujaza semina nzima. Na ni vizuri kulipima pamoja na jambo jingine: miaka minne kabla ya gemu hiyo, mwaka 2005, Civilization IV ilifunguliwa kwa wimbo wa Christopher Tin unaoitwa "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza ulioandikwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Kiswahili kimepewa sala na kimepewa mayowe. Bado hakijapewa, katika gemu kubwa, baba anayemsukuma mtoto wake wala mgonjwa anayeamua nani aokoke. Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda na ambaye mama yake aliweka akiba miaka mitatu kumnunulia kompyuta, alijifundisha mwenyewe kutengeneza gemu kuhusu mkimbizi anayekimbia vita. Kwa hiyo inawezekana. Lakini watengenezaji wazuri hutokea mahali ambapo watu wamezoea kusema kwa uwazi gemu fulani imewafanya nini, na hapo ndipo penye pengo letu.

Ninawalaumu kidogo wachezaji wenyewe. Wengi wakiulizwa husema "gemu kali, grafiki hatari" na kuishia hapo, huku wakiwa wamebeba kifuani mambo kama ya dereva wa Mafiati. Si kwamba hawana zana. Kila aliyefika kidato cha tatu amefundishwa fani na maudhui, wahusika, mandhari, migogoro, dhamira. Amehakiki riwaya ya Takadini, amemfuata Sekai akikimbia na mwanawe asiuawe. Anaweza kabisa kumweka Sekai kando ya Freya wa God of War ya mwaka 2018, mama aliyemlinda Baldur dhidi ya kifo mpaka mtoto asihisi chochote na akamchukia kwa hilo, na akaeleza mama hawa wawili wanatofautiana wapi. Zana anazo, kitu cha kuhakiki anacho. Hajaambiwa tu kwamba anaruhusiwa.

Basi walimu wa Kiswahili wa Mbeya na Iringa, nawaomba mumruhusu. Mwanafunzi mmoja, muhula mmoja, ahakiki gemu aliyoimaliza kwa vipengele vile vile mnavyovitumia kwa riwaya, na msahihishe kwa ukali ule ule. Wahariri, tupeni nafasi ya kurasa mbili. Na wewe uliyeimaliza yako wiki hii, kabla hujafungua nyingine chukua daftari uandike: nani alikufa, ulisita wapi, na ni lipi ulilolifanya kwa mkono wako mwenyewe ambalo hukutaka kulifanya.